Taa ya Rozari Moja

Mwanangu Aline, ipo siku moja ya Januari ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilichezewa ngoma siku mbili. Naikumbuka mpaka harufu ya makaa yaliyokuwa yakizimika uani, mpaka chaki iliyobaki kidoleni mwangu. Nimekaa nayo miaka yote hii nikijiambia, akue kwanza. Kisha, amalize shule kwanza. Kisha, apate kazi kwanza. Sasa umepata. Jumatatu unaanza kukaa mbele ya ile mashine ya ekografi, unawapaka wanawake mafuta tumboni na kuwaambia kilichomo. Basi sina tena pa kujificha.

Keti. Hicho kiti mguu wake mbovu, vuta kile kingine.

Unajua kwamba mimi sikukuzaa, hilo sijakuficha hata siku moja. Aliyekuzaa ni Jeneroza, na kila Jumapili nilikupeleka mwenyewe mpaka mlango wa kanisa lake, mimi na mtandio wangu, nikakungoja nje mpaka padri amalize maneno yake, ambayo hayakuwa machache. Unajua pia kwamba wakati wa vita mama yako alipanda mlimani kumchukua bibi yako, na hakurudi. Hayo yote ni kweli. Usilolijua ni nani aliyemwambia kwamba njia ni salama.

Nitaanza na baba yangu, kwa sababu bomba lilikuwa lake.

Babu yako Saidi alikuwa fundi miwani. Meza yake ilikaa hapo nje, kati ya gereji mbili, na watu walimletea miwani iliyokaliwa, iliyokanyagwa, iliyotafunwa na watoto. Wazee wa msikiti walikuwa wakigombana kila mwaka juu ya mwezi wa Ramadhani. Mmoja anauona, mwenzake hauoni, na kesho yake nyumba hii inafunga na ile ya pili inakula chapati. Baba alichoka na ugomvi huo. Akachukua kioo kimoja cha miwani ya kusomea, kile kisicho na nguvu nyingi, akakipachika mbele ya bomba la moshi la lori alilopewa na fundi jirani. Nyuma akatia kioo kidogo cha kamera iliyokufa. Masizi ya ndani hakuyaosha, alisema weusi huo unasaidia jicho. Ikawa darubini. Yeye aliiita hivyo, sisi wengine tuliita bomba.

Mwezi ulikuwa wa wanaume. Walipanda nalo darini, wazee watano wakipokezana, mimi nikipika futari chini. Lakini mwaka mzima uliobaki nyota zilikuwa zangu. Baba aliona naumwa na ugonjwa uleule wake, akaniachia. Amri yake ilikuwa moja tu: bomba lisishuke chini ya ukuta wa ua.

"Juu, angalia mpaka uchoke," alisema. "Chini ya ukuta kuko batu, na batu hawapendi kuangaliwa."

Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeshaolewa na kuachika, nimerudi kwa baba, na sikuwa na hamu ya kuangalia watu.

Vita vilipoingia mjini, baba alilificha bomba mahali ambapo askari yeyote asingelitambua, yaani katikati ya lundo la mabomba mengine nyuma ya gereji. Hapa mtaani kwetu Buyenzi bomba la moshi ni kama jiwe, halitazamwi. Lakini likisimamishwa uani usiku, mdomo juu kama mzinga, nani atangoja kuambiwa kwamba unatafuta nyota? Kwa hiyo tulilitoa baada ya Isha tu, lango likiwa na komeo, tukilizungushia gunia.

Naomba unielewe jinsi giza lilivyokuwa, kwa sababu wewe umekulia kwenye umeme. Nyaya zilikatwa huko juu, na mji wote ukazimika, kuanzia mtaa wa Cibitoke mpaka wa Kibenga. Jua likizama, watu waliingia ndani na kunyamaza. Hata mbwa walinyamaza, na baadaye nikagundua kwamba mbwa hawapo, sijui walikwenda wapi. Unasikia kikohozi cha mtu nyumba ya nne. Unasikia mlio mmoja kutoka mbali, kisha unangoja wa pili, na wa pili hauji, na huo usiokuja ndio unaokunyima usingizi.

Juu ya ukimya huo, nyota zilitoka. Zilitoka nyingi mno, mpaka zikaanza kunitisha. Kilimia unachokijua, kile kikundi kidogo, nilikielekezea bomba nikaona nyota juu ya nyota mpaka umbo lake likapotea, nisijue ipi ni ipi. Upande wa kusini, chini chini, kulikuwa na wingu dogo jeupe ambalo upepo hauliondoi. Baba alikuwa na kitabu cha Kifaransa alichoachiwa na mwalimu mmoja, akanisomea kwamba lile si wingu. Ni mji mwingine wa nyota, umejitenga na wetu, na hakuna wa kutuletea habari zake. Nililiangalia wingu lile usiku hadi usiku. Mara nyingine nilihisi kwamba jicho liko upande wa kule, na mimi ndiye niliye chini ya kioo. Nilitoa uso wangu na kufuta kope kwa mtandio.

Mama yako alifika kwetu Novemba, wewe ukiwa na miezi minane, na begi moja. Alikuwa ametoka kule mlimani juu ya mji, upande wa mashariki. Baba yako alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Baba yangu alimpa chumba cha nyuma bila kumwuliza maswali, na kwa siku mbili hatukusikia sauti yake, ila yako, ambayo mtaa mzima uliisikia.

Bibi yako alikataa kushuka. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alisema hajawahi kulala kwenye nyumba ya mtu mwingine, hataanza uzeeni. Kwa hiyo yeye na binti yake walikubaliana jambo. Alikuwepo muuza makaa mmoja, Mama Beatrisi, jirani yao wa kule juu, aliyeshuka mjini kila baada ya siku chache na gunia lake kichwani. Kupitia kwake bibi yako alituma neno: kila usiku saa mbili nitaitundika chemli kwenye ndoano ya baraza, nitasali rozari moja, nikimaliza nitaitoa. Ukiiona, ujue niko hai.

Lakini kutoka hapa huwezi kuiona. Ni mbali mno kwa jicho tupu. Jeneroza alisimama uani kila saa mbili akitazama giza, mkono shavuni. Usiku mmoja akanikuta na bomba.

"Dada Zaina, hii kitu yako inaona mbali?"

"Inaona mpaka nyota."

"Mi sitaki nyota. Mi nataka kuona taa ya mama."

Mwanangu, ningeweza kusema hapana. Ningeweza kwenda kumwamsha baba. Lakini nilimwonea huruma, na pia, acha niseme ukweli wote, nilipenda kuombwa. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuhitaji kitu ambacho mimi peke yangu ninacho. Kesho yake mchana Jeneroza alinionyesha kwa kidole bati la nyumba yao likimeta mlimani, dogo kama chembe ya chumvi. Hatukuthubutu kulitoa bomba mchana, kwa hiyo nililenga kwa jicho tu, nikaweka alama mbili za chaki juu ya ukuta mahali pa kulilaza. Usiku nikalilaza. Lilikaa palepale kwenye mpaka aliouweka baba, na mdomo wake ukashuka kidogo tu, kidogo tu, kutoka kwenye nyota mpaka mlimani.

Taa ilikuwepo. Nukta ya njano, moja, ikitetemeka.

Jeneroza alitia jicho, akatoa sauti ndogo, akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi na kutoa rozari yake. Alisali kwa kunong'ona mimi nikimwangalilia taa. Alipofika mwisho na kubusu msalaba, nukta ilizimika. Mama yuko mlimani, mtoto wake yuko hapa uani, na wamemaliza sala pamoja.

Ikawa hivyo kila usiku. Nyakati nyingine mama yako alimaliza kwanza, akabaki akingoja, rozari mkononi, mpaka nimwambie, "Ametoa." Hapo ndipo alipoweza kuingia kulala. Lakini halali. Nilimsikia akitembea chumbani, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, usiku kucha.

Sasa siku yenyewe. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na baba alikuwa amelala mapema kwa kikohozi. Mvua ilikuwa imekatika zile wiki za Januari, hewa safi kabisa. Mama yako alikuwa ndani akikunyonyesha, ulikuwa na homa ya meno na hukutaka kuachia. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye bomba. Taa ya bibi yako ilikuwa ikiwaka kama kawaida.

Kisha nikaona taa nyingine. Ndogo, nyeupe, si za mafuta, ni tochi. Zilikuwa karibu sana na ile ya njano, kisha zikaipita. Nilizihesabu mpaka kumi na moja nikaacha. Zilikwenda kwa mstari, polepole, na katika kioo zilikuwa juu ya taa ya bibi yako, zikipanda. Zikapanda, zikaiacha nyuma, zikafika mahali fulani, na hapo zikazimika moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Taa ya njano ilibaki peke yake. Baada ya muda nayo ikatolewa, kwa wakati wake.

Nilishusha pumzi. Nilijiambia: wamepita, wamepanda, wamevuka mgongo wa mlima, wamekwenda zao, na bibi yuko salama, amemaliza rozari yake.

Mama yako akatoka, wewe begani.

"Dada, umeona nini?"

"Kulikuwa batu na tochi. Bamepita karibu na nyumba yenu. Mama yuko muzima, ametoa taa saa yake."

Alinishika mkono. "Balikuwa banapanda ao banashuka?"

"Banapanda. Bamepita juu, bameingia mu msitu."

"Kweli? Umeona vizuri?"

Hapa, mwanangu, ndipo palipokuwa na mlango, nami nikaufunga. Ningeweza kusema, dada, ni usiku, ni mbali, niliona taa tu. Lakini nilikuwa nimechoka na hatua zake tatu kwenda na tatu kurudi. Nilitaka alale. Na nilitaka kuwa mtu anayejua.

"Nimeona na macho yangu," nikamwambia.

Alilala usiku ule. Sikusikia hatua. Alfajiri, saa za kukatazwa kutoka zilipoisha, alikuja kunigongea akiwa amefunga kitambaa kichwani, uso wake umenyooka kama wa msichana. Mkononi alishika kitenge kipya, cha kumfungia mama yake mgongoni kama miguu itamkatalia.

"Sasa ndio siku, njia haina batu. Nitarudi mbele ya saa sita," alisema. "Mupatie uji, asilie. Aksanti, dada. Leo nimelala."

Akakutoa kifuani mwake, akakufunga mgongoni mwangu kwa mikono yake. Niliisikia mikono ile ikikaza fundo. Sijasahau.

Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Jua likazama. Nilikuambia wewe, maana sikuwa na mwingine wa kumwambia, kwamba amechelewa tu, bibi yako mzito, watashuka kesho. Saa mbili nililaza bomba kwenye chaki, na taa ilikuwepo. Nilicheka kwa sauti! Nikakuinua juu ya ukuta nikakuonyesha mlima. "Mama yuko kule," nikakuambia, "anasali." Kesho yake hakuja, na usiku taa iliwaka tena, muda wa rozari moja, ikazimika.

Siku ya tatu alikuja Mama Beatrisi. Hakuwa na makaa. Alikuwa na godoro kichwani na mguu mmoja bila kiatu. Alikaa uani akanywa maji vikombe vitatu ndipo akasema.

"Ile usiku, balishuka. Balipita kwenye nyumba ya mama, hawakuingia. Balishuka mpaka mu bonde, mu migomba, bakazima tochi, bakalala palepale kando ya njia. Asubui mutu mwenye alipanda ile njia..." Alitazama mgongo wangu, ulipokuwa umelala wewe.

"Apana," nikasema. "Balipanda. Mi niliona."

"Zaina, mi nilikuwa chini ya kitanda. Nilisikia miguu yao. Balishuka."

Nikamwuliza bibi yako yuko wapi. Akasema asubuhi ile milio iliposikika bondeni, kilima chote kilikimbia. Yeye mwenyewe aliingia nyumbani kwa bibi kumtafuta. Mlango wazi, mkeka chini, hakuna mtu. Hakuna damu wala kilichovunjika. Kule nje ndoano ilikuwa tupu, chemli haikuwepo.

"Siku gani hiyo?" nikauliza.

"Ile siku Jeneroza alipanda. Hakuna mutu kule tena, Zaina. Hakuna hata kuku."

Lakini mimi nilikuwa nimeiona taa usiku wa siku ile, na usiku uliofuata. Na usiku huohuo, Mama Beatrisi akiwa amelala chumbani kwa mama yako, nikaenda uani, nikatia jicho. Taa ilikuwa inawaka. Njano, ikitetemeka. Nilisali mimi, kwa dini yangu, nikashindwa kumaliza. Ikatolewa kwa wakati wake.

Nikamwamsha baba nikamwambia yote.

Hakunipigia kelele, na ningefurahi kama angenipigia. Asubuhi, kweupe, mbele ya mtu yeyote atakayetaka kuona, alikwenda gereji akalitoa bomba kwenye lundo, akalilaza juu ya ukuta na kulielekeza kwenye mnara wa msikiti ulioko mtaa wa pili.

"Kuja. Angalia."

Nikaangalia. Mnara ulikuwa unaning'inia kutoka mbinguni, ncha yake ikielekea chini. Juu yake kulikuwa na barabara, na mwanaume mmoja anatembea barabarani, miguu juu, kichwa chini, ameshika mkate.

"Mnara iko namna gani?"

"Kichwa chini, baba."

"Kila mwaka mwezi wa Ramadhani naona kama bakuli imefunikwa. Hukuniuliza hata siku moja."

"Mbona hukuniambia?"

Alifuta kioo cha mbele kwa pindo la kanzu. "Nyota haina kichwa wala miguu," alisema. "Niliona haina maana. Nilikukataza kushusha, sikukupa sababu. Na mimi nitajibu ya kwangu mbele ya Mungu."

Mimi nilikaa chini kwenye vumbi, mahali alipopigia magoti mama yako. Sikuwa nimesema uongo, unaona. Niliyoyaona niliyaona. Katika kioo tochi zilikuwa juu ya taa, zikipanda, na maana yake ni kwamba zilikuwa chini ya taa, zikishuka, kati ya nyumba ya bibi yako na sisi. Na pale zilipozimika moja moja, pale nilipopumua kwa raha, ndipo walipokaa kumngoja yeyote atakayekuja. Nilimtuma mama yako pale. Alikwenda amelala vizuri.

Usiku baba aliomba kuangalia mwenyewe. Aliinama kwenye kioo muda wa rozari nzima, akikohoa ndani ya kiganja ili asilitikise bomba. Aliponyanyuka nilimshika kanzu.

"Baba, ni nani?"

"Nimeona taa."

"Ni Jeneroza? Ni mama yake?"

"Nimeona taa, Zaina." Akaenda ndani.

Tuliiona hivyo usiku baada ya usiku. Watu walipanda mchana kutafuta mali zao, wakarudi wakisema kule ni kimya, nyumba zimefunguka, hakuna mtu. Usiku taa inawaka. Sikumwambia mtu mwingine. Nilikuwa naogopa kwamba wataniambia haipo, na nilikuwa naogopa zaidi kwamba wataiona.

Usiku wa tisa tangu mama yako aondoke, iliwaka kama kawaida. Wewe ulikuwa mgongoni, macho, umelia siku zote tisa mpaka sauti imekauka. Wakati wa kuitoa ulipofika, haikuzimika. Ilisogea.

Katika kioo ilianza kupanda. Polepole sana, ikisimama, ikiendelea, ikisimama, kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni anavyopumzika. Sasa nilikuwa nimeshajifunza, na nilijisemea kwa sauti ili nisikosee: haipandi, Zaina, inashuka. Inashuka njia ya bondeni. Ilifika pale ambapo tochi zilizimika, ikasimama hapo muda mrefu kuliko popote. Nikauma mtandio wangu. Kisha ikaendelea, ikishuka, ikija upande wa mjini, nami nikilisogeza bomba kuifuata, mpaka bomba likagonga ukuta na halikuweza kuinama tena. Taa ikatoka nje ya kioo.

Nilikwenda kwenye lango nikatoa komeo. Ilikuwa marufuku na ilikuwa wazimu. Nikalifungua wazi, nikakaa kizingitini, nikakufungua mgongoni na kukupakata. Njia ilikuwa nyeusi. Sikusikia hatua wala kuona mwanga. Karibu na alfajiri, kabla ya adhana, kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, lakini Buyenzi yote inanuka mafuta, hilo siliweki kwenye hesabu. Ninaloliweka ni hili: wewe, uliyekuwa umelia siku tisa, ukanyamaza. Ukatazama pale langoni, juu kidogo, mahali unapokuwa uso wa mtu aliyesimama. Ukacheka, ukanyoosha mikono yote miwili.

Mimi sikuona mtu.

Tangu usiku ule taa haikuwaka tena, na wewe hukulia tena kwa namna ile. Baba alichukua msumari akachora kwenye bomba. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini babu aliandika JUU upande wa chini na CHINI upande wa juu, nikakujibu kwamba babu alipenda utani. Babu yako hakuwahi kufanya utani maishani mwake. Na umeniuliza mara ngapi kwa nini lango letu silitii komeo usiku, hata wezi walipotuchukulia baiskeli? Sasa unajua.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, na nimeilipia, kwa hiyo ipokee. Jumatatu wanawake watalala mbele yako, na kabla hujafuta mafuta mkononi watakuuliza: mtoto yuko mzima? Utaona wameshika pindo la nguo. Utawahurumia, na kwa kuwa nimekulea mimi, utapenda kuwa mtu anayejua. Usimpe mtu usingizi usio nao. Mwambie ulichokiona, na kama ni kivuli sema ni kivuli, na kama hujui sema sijui, umwite aliyekuzidi. Kabla ya hapo iulize mashine yenyewe: kulia kwako ni kulia kwa nani, juu yako ni juu ya nani? Usione haya kuuliza hata swali la kijinga, mimi swali moja la kijinga lingeniokolea mtu. Ukikatazwa jambo, omba sababu kwa adabu. Na ukija kumkataza mtu, mpe sababu, hata kama unadhani hataihitaji. Na neno "nimeona kwa macho yangu" liogope, mwanangu. Hakuna jicho lililoangalia peke yake, daima kuna kioo katikati, na kingine kiko ndani ya moyo.

Nilimpenda mama yako. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi leo, sitakuharakisha, chakula kitakuwa mezani kama siku zote.

Naona unataka kuniuliza. Midomo yako inafanya kama yake. Unataka kujua kama alikuwa yeye, kama alikuwa amembeba bibi yako kwenye kile kitenge, kama walifika mpaka hapa langoni. Nimengoja miaka yote kuulizwa, na kila usiku nimejitengenezea jibu zuri la kukupa.

Mwanangu, niliona taa.

Mungu, ambaye mama yako alimwomba kwa rozari nami namwomba kwa tasbihi, akulinde upandapo na ushukapo, asikuchanganyie njia. Aupe mkono wako utulivu na ulimi wako subira, na wanawake watakaotoka kwako watoke wakijua ukweli, na wawe na mtu wa kuwashika. Haya, nenda kalale. Lango liache kama lilivyo.